Hitilafu Iko Karibu: Waya wa Bagamoyo na Mtandao Unaokatika Nyumbani

Mtandao wa nyumbani ukianza kukata na kurudi, lawama hupelekwa mbali. Kuanzia Tegeta na Bunju, kupita Mapinga, Kerege na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, sababu zinazotajwa barazani ni zilezile: mkongo wa baharini umekatika, mnara umezidiwa, kampuni inatubania. Adapta iliyolegea kwenye soketi, rauta iliyofichwa nyuma ya televisheni na waya uliobanwa na mguu wa kabati havitajwi, kwa kuwa viko karibu mno na vinaonekana vidogo mno kuweza kumtenga mtu na dunia nzima. Makala haya yanatetea hoja iliyo kinyume na mazoea hayo. Historia ya mawasiliano ya waya kwenye pwani hii, tangu mkongo wa kwanza ulipofika Unguja mwaka 1879, inaonyesha kwamba mara nyingi sehemu dhaifu ya njia imekuwa kipande cha mwisho, pale waya unapotoka majini na kukutana na chumvi, mti, mvua na mkono wa binadamu. Inaonyesha pia kwamba hitilafu inayokuja na kuondoka ina dawa yake ya zamani: kupima njia kipande kwa kipande kuanzia hapo ulipo, na kuandika saa ya kila kukatika. Dawa hiyo imesahaulika, na kusahaulika kwake kunatugharimu fedha, muda na haki zetu kama wateja.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya waya. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Wakati huo hapakuwa na kituo cha telegrafu Bagamoyo wala Unguja. Kituo cha karibu kilikuwa Aden, mji uliounganishwa na Suez na Bombay kwa mkongo wa baharini tangu mwaka 1870. Habari yoyote ya pwani hii, iwe ya kifo, ya vita au ya bei ya pembe za ndovu, ilipaswa kwanza kusafiri kwa meli hadi Aden ndipo iingie kwenye waya. Kilichoharakisha mabadiliko ni vita vya mbali kusini. Jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, na London haikupata habari hadi tarehe 11 Februari. Wiki tatu za kutojua ziliwatisha watawala na wafanyabiashara, na kabla mwaka huo haujaisha kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imetandaza mkongo kutoka Aden kuja Unguja, kisha Msumbiji hadi Durban. Kwa hesabu ya ramani, pwani yetu ilikuwa imeunganishwa na dunia.

Kwa hesabu ya mtu aliyesimama Bagamoyo, haikuwa hivyo. Ushahidi mzuri ni wa Desemba 1889. Tarehe 4 ya mwezi huo mpelelezi Henry Morton Stanley aliingia Bagamoyo akiwa na Emin Pasha, gavana aliyekuwa amekwenda kumwokoa bara, baada ya safari ambayo magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakiifuatilia kwa hamu kubwa. Usiku uleule, katikati ya karamu, Emin alianguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Siku kumi na moja baadaye, Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani tangu mwaka 1888, alinyongwa Pangani. Zote zilikuwa habari nzito, na mkongo wa Unguja ulikuwa umekwisha kufanya kazi miaka kumi. Hata hivyo kati ya Bagamoyo na Unguja kulikuwa na kilomita 40 hivi za maji zisizo na waya, na kila habari ililazimika kuvuka kwa chombo kabla ya kuruka maelfu ya kilomita kwa dakika chache. Ucheleweshaji wote ulikaa kwenye kipande kifupi kuliko vyote. Njia ndefu ilikuwa nzima, na mwenye habari akabaki anangoja upepo au meli. Tukio hilo linapaswa kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba nchi ina mkongo wa kisasa na huku chumba cha ndani hakina mtandao. Uzima wa njia hupimwa kwa kipande chake kibovu kuliko vyote, na kipande hicho mara nyingi ni kile cha mlangoni.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1890. Kampuni ileile ya Kiingereza, kwa makubaliano na serikali ya Ujerumani, iliweka mkongo kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo ofisi za posta za Kijerumani zikafunguliwa katika miji hiyo miwili ya bara. Tusiupambe mwanzo huu. Waya uliletwa baada ya vita, na uliletwa ili Boma liweze kuzungumza na Berlin. Mkulima wa Kaole na mvuvi wa Saadani hawakuulizwa wanauhitaji kwa lipi. Mwaka 1891 makao makuu ya utawala yalihamia Dar es Salaam, na Bagamoyo, mji uliokuwa mlango wa misafara ya Tabora na Ujiji, ukaanza kuwa kituo cha pembeni. Katika muongo huo laini ya nguzo ilivutwa kufuata pwani kutoka Dar es Salaam kupitia Bagamoyo, Saadani na Pangani hadi Tanga. Reli haikuifuata: ilijengwa kutoka Tanga kwenda bara na kutoka Dar es Salaam kwenda bara, na njia mbili hizo zilikuja kuunganishwa baadaye sana, mwaka 1963, kwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi laini ya pwani ya kaskazini iliishi bila treni ya kubebea mafundi na vifaa. Kukagua nguzo kulikuwa kazi ya miguu, kwenye mchanga, vichaka na mikoko, pamoja na kuvuka Ruvu na Wami ambazo hufurika kila masika. Katika mazingira kama hayo, kujua hitilafu iko wapi kabla ya kuondoka kituoni ndiko kulikoamua kama fundi atarudi kesho au baada ya wiki.

Mafundi wa telegrafu waliigawa hitilafu ya laini katika aina kuu tatu. Ya kwanza ni waya kukatika kabisa. Ya pili ni umeme kuvuja kwenda ardhini kabla ya kufika unakokwenda. Ya tatu ni waya mmoja kugusa mwingine. Hizo zikiwa za kudumu hazisumbui sana, kwa sababu kipimo cha leo kitafanana na cha kesho. Iliyowachosha ni ile ya kuja na kuondoka. Fikiria laini inayopita kando ya shamba la minazi. Upepo wa kusi ukivuma, kuti moja linaugusa waya, linauachia, linaugusa tena. Ujumbe unapokelewa herufi tatu, ya nne inapotea. Upepo ukitulia, laini ni nzima na hakuna anayeamini kwamba ilikuwa mbovu. Au fikiria vikombe vya kauri vinavyoushikilia waya kwenye nguzo karibu na ufukwe. Mchana upepo wa bahari unavipaka chumvi. Alfajiri umande unailowesha chumvi hiyo, utando unaopitisha umeme unajitengeneza juu ya kauri, na mkondo unavujia kwenye nguzo. Kufikia saa nne asubuhi jua limekausha kila kitu na vipimo vinasoma vizuri. Fundi anayepima saa sita mchana ataapa kwamba laini haina kasoro. Anayepima saa kumi na mbili asubuhi, akaandika, na akapima tena saa sita, ameipata sababu bila kupanda nguzo hata moja. Ndiyo maana kupima laini asubuhi kabla ya kazi kulikuwa desturi ya vituo vya telegrafu. Kilichohesabika zaidi katika daftari la vipimo ni saa, kwani hitilafu inayokuja na kuondoka hufuata ratiba ya kitu fulani: upepo, umande, joto au shughuli za watu.

Upande wa baharini ushahidi ni wa chuma chenyewe. Mkongo wa telegrafu ulikuwa na moyo wa shaba, ukafunikwa kwa guta-percha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, kisha ukavikwa nyaya za chuma kwa nje. Watengenezaji hawakuuvika unene mmoja kote. Sehemu ya kilindini ilipewa vazi jembamba, na kipande cha kukaribia ufukwe kilipewa chuma kinene mara kadhaa, ingawa ni kifupi. Wafanyabiashara waliolipia kila tani ya chuma wasingeongeza uzito huo bila sababu. Walijua kwamba kilindini kuna baridi, giza na utulivu, na kwamba hatari iko kwenye maji ya kina kifupi: nanga, miamba ya matumbawe, mawimbi ya pwani, na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao za majahazi, ambao katika bahari za joto waliitoboa guta-percha vilevile. Desturi hiyo haijabadilika. Mikongo ya leo ya nyuzi za kioo kilindini ina unene wa bomba la kumwagilia bustani, na ikikaribia nchi kavu huongezewa vazi la chuma na kufukiwa. Takwimu za kamati ya kimataifa ya kulinda mikongo, ICPC, zinakubaliana na busara ya wazee hao: kati ya hitilafu 150 na 200 zinazotokea duniani kila mwaka, nyingi, kiasi cha asilimia 70 hadi 80, husababishwa na uvuvi na nanga, na hutokea zaidi kwenye maji yenye kina kisichozidi mita 200. Bahari kuu ni salama kuliko ufukwe, na ufukwe ni salama kuliko barabara inayochimbwa.

Nusu ya pili ya hoja ni kupima kabla ya kugusa. Hili dunia ililijifunza kwa hasara mwaka 1858, mkongo wa kwanza wa kuvuka Atlantiki ulipofanya kazi kwa shida kwa muda wa wiki tatu hivi. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98 tu, zilichukua saa kumi na sita kupokelewa. Mwanafizikia William Thomson alishauri ishara dhaifu isomwe kwa kipimo chake cha kioo, chenye uwezo wa kugundua mkondo mdogo sana. Wildman Whitehouse, aliyekuwa msimamizi wa umeme wa kampuni, alishika njia nyingine. Ishara ikiwa dhaifu, aliongeza nguvu, akafika volti elfu mbili hivi, na mkongo uliokuwa tayari na kasoro ukafa kabisa. Uchunguzi rasmi uliofuata uliisukuma dunia kukubaliana juu ya vipimo vya umeme, na baadaye mafundi waliweza kukaa kwenye kituo cha ufukweni, wakapima ukinzani wa waya hadi mahali ulipokatika, wakaugawa kwa ukinzani wa kila maili, wakamwambia nahodha wa meli ya matengenezo aelekee wapi. Mtu mmoja, upande mmoja wa waya, aliweza kuielewa bahari yote iliyo mbele yake. Whitehouse alitenda kabla ya kujua, na akaipoteza hata nafasi ya kujua.

Desturi hizo mbili, kupima kipande kwa kipande na kuandika saa, zinahamia kwenye rauta ya nyumbani bila kupoteza kitu. Desemba 1983 Mike Muuss, mhandisi wa maabara ya jeshi la Marekani jimboni Maryland, alikerwa na mtandao uliokuwa ukifanya vituko, akaandika programu ndogo aliyoiita ping. Inatuma ujumbe mfupi kwa kifaa fulani na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Ni upimaji wa asubuhi wa kituo cha telegrafu, na leo umo ndani ya karibu kila kompyuta. Mwenye nyumba ana vipande vitatu vya kupima. Cha kwanza ni kati ya kompyuta au simu yake na rauta, ambayo anwani yake huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Cha pili ni kati ya rauta na mtambo wa kwanza wa mtoa huduma. Cha tatu ni kutoka hapo kwenda duniani, na anwani ya kupimia inaweza kuwa 8.8.8.8. Mtandao unapokata, pima kwa mpangilio huo huo. Rauta yenyewe isipojibu, kampuni haina kosa bado, na mkongo wa baharini ndio kabisa: kasoro imo chumbani. Rauta ikijibu na mtambo wa mtoa huduma usijibu, kasoro iko kwenye waya wa mtaani, kwenye kiungo cha ukutani au kwenye mnara. Viwili hivyo vikijibu na dunia isijibu, hapo ndipo lawama ya mbali inapoanza kuwa na msingi. Rauta isipojibu, inafaa kuunganisha kompyuta na rauta kwa waya na kurudia kipimo. Waya ukishikilia na waifai ikikata, kipande cha kwanza kimejitambulisha chenyewe.

Sababu za kila kipande zina sura ya mahali. Nyumba za zamani za Bagamoyo, kama zile za mtaa wa India, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hutunza ubaridi na hunyonya mawimbi ya waifai, hasa yale ya gigahazi 5, hivyo rauta iliyoko sebuleni inaweza kuwa nzima na chumba cha nyuma kikawa gizani. Mawimbi ya gigahazi 2.4 hupenya zaidi, lakini yanagombaniwa na rauta za majirani na oveni za maikrowevu. Umeme unaoshuka na kupanda huifanya rauta ijizime na kujiwasha kabla mtu hajaona taa za nyumba zikififia. Dalili yake ni kwamba taa zote za rauta huanza upya, jambo lisilotokea mtandao pekee unapokatika. Rauta iliyofungiwa kabatini hupata joto hadi ikaganda mchana na kupona usiku. Penye nyuzi za kioo, waya ukikunjwa kwa kona kali au kichwa chake kikiingia vumbi, mwanga hupungua, na taa iliyoandikwa LOS huwaka nyekundu. Penye shaba, chumvi ya hewa hula viungo na mvua huamsha ugonjwa uliolala kiangazi chote. Penye rauta ya laini ya simu, kuihamisha kutoka kwenye kabati hadi dirisha linalotazama mnara kunaweza kumaliza kesi. Daftari ndilo linalotofautisha sababu hizi. Kukata kila saa mbili usiku kunaelekea kwenye msongamano wa watumiaji. Kukata saa nane mchana kunaelekea kwenye joto, na kukata wakati wa mvua kunaelekea kwenye kiungo cha nje. Kukata friji inapowaka kunaelekea kwenye umeme. Kumbukumbu za siku saba zitamwambia fundi mengi kuliko malalamiko ya miezi mitatu.

Pingamizi la kwanza lina nguvu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikahisi. Miezi mitatu kabla ya hapo mikongo mitatu, mmojawapo SEACOM, ilikatika Bahari ya Shamu, na nanga ya meli Rubymar iliyoshambuliwa na kuburutwa na maji ndiyo iliyodhaniwa kuikata. Historia ya zamani nayo ina mfano: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilikishambulia kwa mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam, na Boma likapoteza sauti yake. Njia ya mbali hukatika, na ikikatika huumiza. Hilo ni kweli, na hakuna mwenye rauta anayeweza kulizuia. Lakini tazama sura ya hitilafu ya aina hiyo. Ina mashahidi wengi. Jirani anaipata, benki inaipata, redio inaitangaza, nayo hudumu saa au siku mfululizo hadi njia nyingine ipatikane au meli ya matengenezo ifike. Haikati kwa dakika mbili nyumbani kwa mtu mmoja, ikarudi, ikakata tena jioni. Mtandao wa dunia umejengwa ili ujumbe upite njia nyingine moja ikifungwa. Kutoka nguzo ya mtaani hadi rauta hakuna njia nyingine. Hitilafu kubwa za 2024 zinaimarisha hoja, kwa kuwa zinatupa kipimo: kasoro isiyoshuhudiwa na jirani itafutwe kwanza nyumbani.

Pingamizi la pili ni la haki. Mteja analipa, kwa nini afanye kazi ya fundi? Kampuni ndiyo yenye vifaa, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ina kanuni za ubora wa huduma na utaratibu wa kupokea malalamiko. Hoja hiyo ni halali, na makala haya hayamwondolei mtoa huduma jukumu hata moja. Yanamwongezea mteja silaha. Malalamiko yasemayo mtandao unasumbua hujibiwa kwa ushauri wa kuzima na kuwasha, na mazungumzo yanaishia hapo. Malalamiko yenye tarehe, saa, muda wa kila kukatika na maelezo kwamba rauta ilijibu lakini mtambo wa kwanza haukujibu hayawezi kufukuzwa kwa urahisi, na yakifika kwa msimamizi yanakuwa ushahidi. Mkongo wa Taifa ulioanza kujengwa mwaka 2009 ni mali ya umma, na ubora wa kipande kinachotoka kwenye mkongo huo hadi mlangoni ni suala la umma. Mnyonge katika mabishano ya huduma ni yule asiye na kumbukumbu.

Pingamizi la tatu linasema haya yote ni mazito kupita kiasi, kwani kuzima na kuwasha rauta hufanya kazi. Ni kweli hufanya kazi, mara nyingi kwa saa chache. Rauta ni kompyuta ndogo. Ikizimwa inasafisha kumbukumbu iliyojaa na kuomba muunganisho upya, kwa hiyo hitilafu iliyosababishwa na programu yake ya ndani iliyopitwa na wakati hutoweka kwa muda. Tatizo ni kwamba kuwasha upya hufuta pia dalili, na kile kitundu cha nyuma kinachorudisha mipangilio ya kiwandani hufuta kila kitu, hata majina na nywila alizoweka fundi. Hapo tunakuwa Whitehouse wa sebuleni, tunaobonyeza kwa nguvu zaidi kadiri tunavyoelewa kidogo zaidi. Zima na washa, ndiyo, lakini baada ya kutazama taa, kupima vipande vitatu na kuandika saa. Anayezima bila kutazama amejinunulia nusu siku ya amani kwa bei ya kutojua chanzo.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo linastahili heshima: kwamba waya wa 1890 ulikuwa chombo cha ukoloni, na hakuna fahari ya kuutafutia urithi. Jibu ni kutenganisha mwenye waya na kazi ya kuutunza. Amri zilizopita kwenye waya zilikuwa za watawala. Kufyeka njia chini ya nguzo, kuvuka Ruvu iliyofurika na kubeba barua pale ambapo waya ulikuwa umekufa ilikuwa kazi ya wenyeji, na majina yao hayakuchongwa popote. Bagamoyo, iliyoingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006 pamoja na njia ya kati ya biashara ya utumwa na pembe, huwaeleza wageni habari za misafara, wamisionari na Boma. Jengo la posta ya Kijerumani bado lipo mjini na lingeweza kubeba simulizi nyingine: jinsi pwani hii ilivyounganishwa, ilivyokatika, na jinsi ujuzi wa kutafuta palipokatika ulivyotengenezwa kwa jasho la watu wake.

Simulizi hiyo ina kazi leo kuliko ilivyowahi kuwa. Shule, zahanati, maduka ya wakala wa fedha na nyumba za kupanga kutoka Tegeta hadi Bagamoyo zinaitegemea rauta jinsi Boma lilivyoutegemea waya, na sehemu kubwa ya kukatika kwao inaweza kupatikana na mtu yeyote mwenye kalamu, saa na dakika kumi za subira. Vyuo vya ufundi vinavyowafundisha vijana kuvuta nyuzi za kioo viwafundishe pia kuandika daftari la hitilafu. Kampuni zinazofunga rauta ziache ukutani karatasi ya Kiswahili inayoeleza maana ya kila taa na namna ya kupima vipande vitatu. Na mwenye nyumba, kabla ya kuilaumu bahari, aanze na soketi, waya na ukuta wake, kwa sababu historia ya pwani hii inamwambia kwamba huko ndiko uwezekano ulikolala, na huko ndiko anakoweza kufanya jambo leo hii bila kumsubiri mtu.